Kipande cha damu ya mzee na simu mbili

Mteja wangu wa Morogoro alirudisha gauni siku ya tatu, kwa basi. Alilikunja vizuri kuliko nilivyolikunja mimi, akalifunga kwa gazeti, halafu akanitumia ujumbe wa sauti ambao mpaka leo sijaufuta. Hakutukana. Alisema tu: "Dada, kwenye status yako mimi niliona nyekundu. Sare yetu ni nyekundu. Hii uliyonitumia ni damu ya mzee. Sasa niende ukumbini nikasimame na wenzangu kama mtu aliyekosea harusi?"

Alikuwa na haki. Kitambaa kilikuwa damu ya mzee tangu siku nilipokinunua, ila picha niliyoirusha ilikuwa nyekundu ya nyanya. Simu yangu ya wakati huo, ambayo jina lake naliacha maana imeshastaafu, chini ya taa ya tyubu ilikipaka kila kitu rangi ya mgonjwa, na juani ilikiunguza. Gauni lile lilining'inia dukani miezi miwili hadi nilipolipunguzia bei kwa aibu. Nina fremu Mbagala Zakhem, cherehani mbili na overloki moja, na siku hizi kazi zangu nyingi huanzia WhatsApp. Kwa hiyo gauni lile ndilo lililoninunulisha simu.

Kwa pesa niliyokuwa nimedunduliza, mwaka ule wa 2024, mashindano yalibaki ya simu mbili: Samsung Galaxy A15 na Tecno Camon 30, zote za 4G. Najua kuna watu watakaosema ilikuwaje sikutazama Redmi, au kwa nini sikutafuta iPhone ya mtumba. Redmi niliitazama. iPhone ya mtumba ni ndoa na mtu ambaye hukuambiwa aliachana na nani na kwa nini.

Kila simu ilikuja na wakili wake. Wakili wa Samsung alikuwa mdogo wangu, dereva wa bodaboda, anayeifunga simu kwenye usukani na kuipitisha mashimo yote ya Mbagala. Yeye hoja yake ilikuwa fupi: "Dada, Samsung ni Samsung." Ukimwuliza maana yake, anairudia kwa sauti kubwa zaidi. Wakili wa Tecno alikuwa shoga yangu wa saluni ya jirani, ambaye picha zake za wateja waliosukwa zinanitia wivu kila Jumamosi. Huyo hakuwa na maneno mengi. Alinipiga picha nimeketi kwenye cherehani, uso una jasho, kilemba kimekaa upande, akanionyesha. "Shosti, huyu ni wewe." Nilikuwa mzuri. Nilitaka kumwamini.

Lakini mimi kwenye habari ya simu nina kovu. Mwaka 2015 nilinunua mtaani simu iliyoandikwa jina kubwa, kwa bei ambayo mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi nilishukuru Mungu. Redioni walitangaza kwa miezi kwamba simu bandia zitazimwa: bonyeza *#06#, utaona tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, zitume kwenda 15090 uambiwe kama simu yako ni halali. Sikutuma, niliogopa jibu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikazizima kweli, na asubuhi simu yangu ilikuwa saa ya mezani. Inaonyesha saa, inapiga muziki, tochi inawaka, ila laini haisomi. Mwanangu aliichezea mpaka betri ilipovimba.

Kwa hiyo safari hii nikasema naenda dukani, duka lenye mlango na risiti. Jumatatu ya tarehe 24 Juni 2024 nikafunga fremu saa nne asubuhi, pesa nikaziweka kwenye mfuko wa ndani wa sketi nilioushona mwenyewe usiku wake, nikapanda daladala la Kariakoo. Nimeshuka, nashangaa nasikia sauti ya viatu vyangu. Kariakoo! Mtaa wa Aggrey ambao siku zote unautembea ubavu ubavu kama kaa, siku hiyo ulionekana lami yake. Wafanyabiashara walikuwa wamegoma kwa ajili ya mambo ya kodi, mageti yote yameteremshwa, watu wamesimama vikundi vikundi wakibishana. Nikarudi Mbagala na pesa yangu kiunoni.

Mgomo ule uliniokoa, maana bila huo ningenunua kwa kelele za mdogo wangu au kwa uzuri wa ile picha. Nilipata siku kadhaa za kukaa chini na kusoma. Jioni baada ya kufunga fremu tulikaa mimi na mdogo wangu, anasoma sifa za Samsung kwenye simu yake na mimi za Tecno kwenye ile yangu mgonjwa, kama watu wanaolinganisha mahari.

Kitu cha kwanza kilichomnyamazisha ni prosesa, ile chipu inayofanya kazi ya kufikiri ndani ya simu. "Helio G99," akasoma, kifua mbele. Nikamwambia na mimi huku naona Helio G99, ila imeongezwa neno Ultimate mbele. Zote zinatoka kampuni moja, MediaTek ya Taiwan. Yaani mashabiki wanaotoleana macho vijiweni wanagombea simu mbili zenye moyo mmoja! Tukaendelea. Betri: mAh 5,000 huku, 5,000 kule. Kioo: AMOLED, ile aina ambayo kila nukta inawaka yenyewe, huku na kule, ila cha Samsung ni inchi 6.5 na cha Camon kinakaribia 6.8, tena kinateleza laini zaidi ukipandisha na kushusha picha, maana hujichora upya hadi mara 120 kwa sekunde dhidi ya 90. Mdogo wangu akaifunga simu yake akaomba chai.

Kwenye maboksi nako kuna lugha yake, na fundi nguo anaielewa haraka, maana nasi tunauza suti "ya Uturuki" iliyoshonwa Manzese. Boksi la Camon unaweza kukuta limeandikwa RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 16. Ukisoma maandishi madogo ni 8 na 8: nane za kweli, na nane zimeazimwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia picha. Samsung nao wana uazimaji huohuo, wameuita RAM Plus. Si uongo, lakini ni kama kusema nyumba yangu ina vyumba vinne wakati viwili ni vya jirani. Na kamera ya megapikseli 50, ambayo simu zote mbili zinayo nyuma, kwa kawaida haikupi picha ya megapikseli 50. Inaunganisha nukta nne kuwa moja ili ipate mwanga zaidi, unabaki na kama 12 na nusu. Halafu WhatsApp inaibana tena kabla haijafika Morogoro, usipokumbuka kubonyeza HD.

Tofauti za kweli zilibaki chache, ila zilikuwa na uzito.

Mdogo wangu alikuja kupata hoja yake, tena nzuri kuliko "Samsung ni Samsung". Wenye A15 waliahidi kuipandisha Android mara nne na kuitumia masahihisho ya usalama kwa miaka mitano. Mpinzani wake hakuahidi miaka mingi hivyo. Ningeweza kuliona hilo kama jambo la watu wa kompyuta, lakini mama yangu yuko Tanga, na simu yake nzima kabisa, kioo hakina hata mkwaruzo, ilifika siku WhatsApp ikakataa kufunguka kwa sababu Android yake imezeeka. Bibi wa watu alidhani wajukuu wamemnunia. Basi "dada, hii haitakuzeekea mkononi" ni sentensi iliyonigusa.

Shoga yangu naye alikuwa na hoja ambayo ilianza kabla ya Camon. Tecno, Infinix na itel ni ndugu wa tumbo moja, wote wa kampuni inayoitwa Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kulitazama soko la Afrika wakati wakubwa wakilitazama kwa jicho moja. Walituletea simu za laini mbili tukiwa bado tunatembea na simu mbili, au tunachomoa laini na kuichomeka kwa ukucha, kwa sababu kupigia mtandao mwingine kulikuwa ghali. Na kwenye kamera walikaa wakashughulikia ngozi nyeusi. Watu wa umri wangu tuna albamu nzima za picha ambazo mashangazi zetu ni meno na macho tu, na nyuma yao ukuta umetoka safi. Kamera zilikuwa zimezoea kukadiria mwanga kwa sura nyeupe. Mtu akikaa chini akasema tuitafute sura hii hapa, tuipe mwanga wake, mimi namvulia kilemba. Na kamera ya mbele ya Camon 30 ina megapikseli 50, ya A15 ina 13. Kwa mwenye saluni, kesi imekwisha.

(Samsung nao wana historia inayonichekesha. Walianza mwaka 1938 huko Korea, mjini Daegu, kama duka la samaki wakavu, tambi na vyakula vya jumla. Nikipita Feri pale Magogoni nawaona akina mama wa dagaa kwa heshima mpya.)

Halafu umeme. Camon ilikuja na chaji ya wati 70 ndani ya boksi, wakati Samsung mwisho wake ni wati 25, na kichwa cha chaji hawakupi, wanakupa waya. Ambaye hakuishi Dar mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 hawezi kujua hoja hii ina uzito gani. Kabla ya mitambo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji kuanza kuzalisha Februari ile, tulikuwa tunapiga pasi usiku wa manane kama wezi. Umeme ukirudi saa moja, simu inayojaa haraka ni ndugu yako.

Unaona sasa? Kila nikiinua mguu kwenda upande mmoja, upande wa pili unanishika nguo. Usiku ule ndipo nilipotazama kikapu cha mabaki ya vitambaa, na juu kabisa kipo kipande cha gauni lile, upana wa kiganja. Damu ya mzee. Nikakitia kwenye pochi.

Kariakoo ilipofunguka nikarudi. Safari hii mtaa ulikuwa umejaa kama kawaida yake, na sijavuka hata barabara winga ameshanishika mkono. Kwa asiyewajua, winga hana duka. Ana miguu na mdomo, anakupeleka kwenye duka la mtu na anakula cha juu. "Mama'ngu, unatafuta simu, usihangaike, nakupeleka kwa bosi wa jumla." Nikamwambia nataka duka lenye hizo mbili zote, zimefunguliwa, niguse. Akanipeleka ghorofa ya kwanza, kaduka chembamba chenye kijana mpole nyuma ya kioo.

Nikaomba zote mbili. Nikatoa kitambaa. Winga akadhani nataka kufuta vioo.

Nilikilaza mezani chini ya taa ya tyubu, nikapiga na Samsung, nikapiga na Camon. Nikashuka nacho chini, kijana wa duka nyuma yangu anazilinda simu zake kwa macho, nikakiweka juani juu ya bodi ya pikipiki, nikapiga tena. Kisha nikamwambia winga akishike kifuani, karibu na uso, kama mteja anayejaribisha. Alikuwa mweusi mzuri, mweusi wa Kilwa. Akanyoosha mgongo. Watu wakasimama kutazama.

Tukarudi juu, nikazipanga picha sita.

Kwenye picha za winga, Camon ilimchukua kijana yule ikampa uso wake wote, mashavu, nyusi, hata kile kitabasamu cha mtu anayehesabu cha juu. Ila katika kuuinua uso wake, iliinua na kilichokuwa jirani. Kitambaa kilipanda daraja moja, kikatoka kwenye damu ya mzee kikaanza safari ya kwenda nyekundu. Si kosa hilo, ndiyo kazi iliyotumwa: imeambiwa itafute mtu, imempata, imemwangazia. Samsung ilimweka winga mahali alipokuwa, kivuli cha jengo kikiwa kivuli, na kitambaa kikabaki damu ya mzee. Nilikiweka kile halisi juu ya kioo, ubavu kwa ubavu na picha yake. Vilikuwa kama mtu na pacha wake.

Nilisimama pale nikijiuliza swali ambalo boksi lolote halina: mimi nauza nguo, au nauza mtu aliyevaa nguo? Shoga yangu anauza sura. Mteja wake anaondoka na kichwa chake mwenyewe, hakuna basi la kumrudisha. Wangu yuko Morogoro, Dodoma, mmoja Mtwara, na anachosubiri ni kitambaa.

Winga akaona nimezama, akaamua kunisaidia. "Mama, chukua Camon, utapendeza." Nikamwambia mwanangu, wewe ndiye uliyependeza.

Kabla sijalipa nilipanda ghorofa ya juu zaidi, kwa fundi simu mmoja ninayemshonea mashati, nikamwuliza habari ya vioo. Hakuinua kichwa kwenye darubini yake. Akasema zote mbili ukizidondosha utalia, kioo cha og, yaani halisi, cha AMOLED si cha mchezo. Kuna kopi za bei nafuu, "lakini Camon alama ya kidole inasoma chini ya kioo, ukiweka kopi haisomi tena. Hiyo nyingine kidole kiko ubavuni." Akapuliza vumbi. "Na kopi zinabadilisha rangi, dada. Wewe si kazi yako rangi?"

Nililipa laki nne na sabini kwa Samsung. Camon kijana alikuwa ananiambia laki sita na ishirini, na laki moja na nusu ni pesa ya umeme na maji yangu ya kipindi kirefu, sitasema kipindi gani maana mwenye fremu anasoma hapa. Nilibonyeza *#06# palepale kaunta, nikalinganisha tarakimu zote 15 na za kwenye boksi, kidole kikitembea moja moja huku winga akipiga miayo. Risiti ya EFD nikaidai. Kijana alitaka kunipa "bei bila risiti". Nikamwambia mimi ninayo historia.

Kichwa cha chaji nikanunua pembeni, cha wati 25, na hapo nikakumbuka kuchukua kava na protekta, na hesabu ya kuokoa laki moja na nusu ikaanza kuchubuka. Jingine nililigundua nyumbani: kitundu cha laini ya pili ndicho hicho hicho cha memori kadi. Mimi natumia laini mbili, moja ya M-Pesa ya wateja na moja ya bando, kwa hiyo memori kadi basi tena. GB 128 zimejaa sare za watu, kila mwisho wa mwezi nafuta kamati nzima.

Mdogo wangu aliposikia alishangilia kama timu yake imefunga. Sikumwambia kwamba hoja yake ilikuwa ya tatu kwa uzito. Shoga yangu alinuna siku mbili, akanisamehe ya tatu, tukakubaliana bila kuandikishana: Jumamosi nikiwa na bibi harusi wa kujaribisha, anakuja yeye na Camon yake kupiga sura, mimi napiga kitambaa. Akiwa na mteja wa kilemba chenye rangi ya kubishaniwa, ananiita. Tumegundua pia kwamba simu ya mteja nayo ina maoni yake. Nikiituma picha ileile kwenye simu tatu za hapa mtaani zinatoka rangi tatu. Kwenye yangu nimeweka mpangilio wa kioo kutoka Vivid kwenda Natural, dunia ikapauka kidogo, lakini angalau nikitazama picha nadanganywa na mtu mmoja badala ya wawili.

Yule mteja wa Morogoro alirudi mwezi wa tisa, na hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimeshona gauni jipya la kitambaa kilekile, nikalivaa mwenyewe, msaidizi wangu akanipiga nikiwa mlangoni mwa fremu. Niliirusha kwa HD. Haikupita nusu saa.

"Dada, hii ni nyekundu au damu ya mzee?"

"Damu ya mzee," nikaandika. "Safari hii ndiyo yenyewe, na kipande nakutumia kwanza ukione."

"Haina haja, naiona. Safari hii sare yetu ndiyo hiyo, tuko sita, naomba tuelewane bei." Kikafuata kimya, naona anaandika, anafuta, anaandika. "Ila huyo aliyeivaa ni nani? Mbona kama umemsimamisha gizani?"

Msaidizi wangu alinipiga nimelipa jua mgongo. Nilimjibu kwamba ni fundi mmoja hapa jirani.